Hatua Mia Mbili na Kumi

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umepona kile kikohozi, shemeji hajambo, na wale mapacha wameacha kung'atana. Huku tungesema sote wazima kama si goti la baba. Limevimba tena. Yuko kitandani, mguu juu ya mito miwili, anatoa amri kana kwamba bado anaongoza wageni mlimani. Mimi niko chumba cha mbele, nasugua tope kwenye viatu vya kukodisha.

Najua utafoka. Daktari alimkataza ngazi, sembuse mlima. Lakini unajua anavyopima barafu: kila mwaka anasimama juu ya maporomoko, kwenye mwamba alioupaka rangi nyekundu, anahesabu hatua mpaka barafu inapoanzia, halafu anaandika kwenye daftari lake. Miaka ishirini na sita hesabu imekuwa ikipanda tu. Mwaka jana ilifika mia mbili na sitini. Safari hii goti lilimgomea, akanituma mimi, nami nikarudi na mia mbili na kumi.

Barafu imerudi! Alivyofurahi usingemtambua. Alimwambia mwenye duka, akamwambia fundi viatu, hata yule jirani ambaye hawasemezani. Siku ya nne akachukua fimbo, akasema anakwenda kuiona kwa macho yake. Nilimtajia goti, nikamtajia mvua, nikamtajia kila kitu isipokuwa lile moja. Tukaondoka naye, mimi na mpagazi wake wa zamani, yule tuliyekuwa tukimwita Polepole.

Safari ya siku mbili tuliifanya kwa siku tatu. Maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Maji yanashuka meupe, na baridi yake inakuuma meno hata ukiwa umefunga mdomo. Baba hakutaka kupumzika. Alisimama kwenye rangi yake akaanza kuhesabu kwa sauti, akiegemea fimbo. Alipofika mia mbili na kumi akasimama. Mbele yake palikuwa na mawe matupu. Akaendelea. Barafu aliigusa kwenye mia tatu na nane.

Sasa nikwambie, dada. Mimi sikufika kule. Nilikaa siku mbili kwenye kibanda cha chini, nikiota moto na kunywa chai ya mlinzi, kwa sababu mvua ilinyesha na nilichoka, basi. Namba niliitunga nikifunga kamba za viatu, nikachagua ndogo ili afurahi. Na ile barua niliyokuandikia nikikusifia maporomoko ni uongo mtupu. Naona aibu hata kuishika kalamu hii.

Polepole aliguna, akauliza imekuwaje. Nilitamani ardhi inimeze. Baba akamjibu kabla yangu, bila kugeuka: akasema vijana wana hatua ndefu, yeye siku hizi anajikokota tu, ndiyo maana hesabu hazilingani. Dada, mimi namfika baba begani. Akaniuliza kama si kweli. Nikasema ndiyo, baba.

Msalimie shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Usimwandikie baba juu ya hili. Niachie nimwambie mwenyewe. Tatizo ni kwamba kila nikimpelekea chai, ananishukuru.

Ni mimi,
mdogo wako