Ukucha wa Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Saluni inakwenda, ingawa wateja bado wanataka mafuta ya kung'arisha ngozi, nami bado nawaambia waanzie jikoni: mboga, parachichi, maji ya kutosha. Wananicheka, halafu wananunua mafuta.

Unakumbuka tulivyokuwa tukirudi kutoka shuleni, Mama anatusubiri mlangoni atukwaruze mikono kwa ukucha? Mstari mweupe ukibaki kwenye ngozi kavu, alijua hukula chakula, umeshindia peremende, na hakuna kucheza mpaka umalize bakuli la maharage na mchicha. Wewe ulikuwa unajipaka mate njiani ili umdanganye. Hukufanikiwa hata siku moja.

Siku hizi Mama hakumbuki majina yetu. Mimi ananiita shangazi, nami naitika. Jana nilimwonyesha picha uliyotuma. Umependeza, poda imekaa vizuri. Nikamsomea ulivyoandika kwamba kazi huko ni nzuri na unakula unachotaka. Alipitisha ukucha juu ya mkono wako pale pichani, akaniambia, "Huyu mwanangu ana njaa."

Sikuulizi kitu. Bakuli lako bado lipo kabatini. Njoo ule.

Dada yako