Agabo Hakusema Usiende

Mujukuu wangu Aline, jambo sana. Hapa mutaani Forest tuko bien. Tonton wako amepata kazi tena, tumepumua.

Uliniuliza: nabii wa kanisa lenu akisema utateseka kwenye hospitali ya kijijini, uache stage, mafunzo yako ya kazi? Bon, sikia. Nilipokuwa kijana hapa Brussels, mama yangu aliugua Bukavu. Kwenye maombi, karibu na Porte de Namur, nabii alichukua foulard yangu ya kichwani, akajifunga nayo mikono: "Mwenye hii atafungwa kule!" Wote wakalia, wakanikataza safari.

Nyumbani nikafungua Matendo, nikasoma habari za Agabo, nabii aliyejifunga kwa mshipi wa Paulo. Alisema tu kitakachompata Paulo. Waliomkataza kwenda ni marafiki.

Nikaenda. Askari wa kule walinifunga kweli, siku mbili, hayo tuyaache. Walipofungua mulango wa gereza, mama alikuwa amekaa nje kwenye kiti, mugonjwa vile, na sahani ya ugali mapajani, ameifunika. Nabii hakudanganya, aliona mikono yangu. Ila hakumuona mama akiningojea.

Donc nenda, mutoto wangu. Ukifika, uniandikie nani alikungojea mulangoni.

Koko wako