Uliweka Alama Upande Wangu

Mpendwa mume wangu Wafula,

Leo ni siku ya tisa tangu uende Kabuchai, na mke wako hawezi kutulia kitini. Asubuhi nimefuma sweta ya mtoto wa darasa la kwanza, nikaiinua kuitazama, nikakuta mkono mmoja unafika kiganjani na mwingine unaishia kwenye kiwiko. Nimeifumua yote. Nimeosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Nimetoka mlangoni kuangalia barabara mara sijui ngapi, mpaka Mama Shiro anayeuza mboga hapa mbele akaniita, "Bibi harusi! Hiyo barabara ya Matisi utaimaliza na macho!"

Nilicheka, kwa sababu bado napenda kuitwa bibi harusi. Wiki sita na bado napenda. Nikiona shati lako kwenye msumari moyo unaruka kama wa msichana wa shule. Halafu nakumbuka mwenye shati hayupo, naanza tena kutembea humu ndani.

Ulisema siku nne. Zamu ya miwa ya Papa, baba yako, kukatwa imefika, utamsaidia, utarudi. Kwenye simu unaniambia, "Tuko salama, miwa ni mingi," kisha unaniuliza hali ya majirani kama mtu anayezungumza na chifu. Mimi najua si miwa. Ni yale maneno niliyosema nyumbani kwa Baba. Kila nikiyagusa kwenye simu unasema mtandao ni mbaya, basi nayaandika hapa, mahali ambapo huwezi kunikatia.

Unakumbuka siku niliyokuletea kompyuta ya dada yangu? Mvua ilinyesha, ukaniambia ningoje kwenye benchi la kibanda chako, katikati ya simu zilizopasuka vioo. Kwenye meza palikuwa na kompyuta yako mwenyewe, na ndani yake ramani yenye rangi nyingi.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni wafalme wa zamani, huko Ulaya. Ni mchezo. Unachukua ardhi ya watu."

"Kwa vita?"

"Vita ni ya mtu hana subira. Mimi naozesha watoto."

Ukanieleza huku bisibisi iko mdomoni. Kila mchezaji ana ukoo wake na ardhi yake. Mwanao akimwoa binti wa mfalme asiye na mtoto wa kiume, mjukuu wako atarithi huku na huku, na siku moja ramani inabadilika rangi bila mtu kuchomoa upanga. Mimi nilidhani michezo ya kompyuta ni ya kupigana risasi. Kumbe kuna mmoja wa kupeleka posa! Nilipenda mchezo, Wafula, lakini zaidi nilipenda jinsi ulivyoueleza, kama mzee mwenye mabinti kumi na wawili.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikipeleka sweta zangu kwa wateja, kisha napitia kwako alasiri. Wewe rangi ya buluu, mimi kijani, zamu kwa zamu kwenye kompyuta moja. Na unajua niliposhindwa ilikuwa vipi. Nilikuwa na mtawala mzee mwenye binti mmoja tu. Ukanitumia posa ya mwanao wa pili, nami nikaikubali mbio kwa sababu kwenye picha kijana alikuwa na macho kama yako. Haya, sasa nimekiri. Sikuangalia kile kisanduku kidogo chini ya posa, kinachouliza watoto watakaozaliwa watahesabiwa wa ukoo wa baba au wa mama. Usipokigusa, ni wa baba. Mzee wangu akafa, binti akafa, mtoto wao akarithi, na kijani yangu ikawa buluu mpaka baharini, kikabaki kipande kidogo tu cha mpwa wa mzee, msichana. Ulipiga kelele hadi mteja akaangusha chaja.

Kisha ukaniona uso.

"Pole, bana. Nitakurudishia."

"Utarudisha aje na imeshaenda?"

Uliweka bisibisi mezani. "Basi tuoane sisi," ukasema, "ndio ikae nyumbani."

Hakuna binti wa mfalme aliyewahi kuposwa vizuri hivyo! Nilienda nyumbani nikitembea kwenye madimbwi na sikujua mpaka Mama aliponiuliza viatu vimefanya nini.

Sasa nifike pale panaponichoma. Jumapili ile kwa Baba, tulipokuwa mezani, Baba akasema atanikatia ekari mbili za upande wa juu, kwa sababu sisi ni wasichana watatu na hataki tugombane akishaondoka. Furaha ilinipanda kichwani. Badala ya kusema asante kama watu, nilikupiga bega nikacheka kwa sauti, "Wafula, ona, Baba naye amesahau kisanduku! Sasa hizo ekari ni zako!"

Ni wewe peke yako mezani uliyejua nazungumzia mchezo. Baba Mkubwa aliweka kikombe chini.

"Mmesikia huyu mtoto? Amesema mwenyewe," akamwambia Baba. "Wazee wetu walifika hapa na jembe. Sasa tunaondolewa na harusi."

Nikaanza kueleza habari za wafalme wa Ulaya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Shangazi akakuuliza kama kwenu Bungoma shamba zimeisha. Wewe ulimjibu kwa heshima, "Zipo, Shangazi," ukamaliza chakula chako chote. Tulirudi hadi nyumbani Matisi. Hapo ukasema, "Wambui, mimi sikuoa shamba." Kesho yake asubuhi ulikaa kidogo kwenye kompyuta, ukafunga begi, ukaenda.

Siku ya tano nilishindwa kuvumilia, nikarudi kwa Baba. Nilimkuta Baba Mkubwa pia, wanachagua maharagwe kwenye ungo. Nikakaa chini, nikachukua maharagwe mekundu nikaweka huku, ya manjano kule, nikawafundisha mchezo wote kutoka mwanzo. Hawa ni ukoo wangu, hawa ni wa Wafula, huyu amekufa, huyu amerithi. Baba Mkubwa alisikiliza kuliko anavyosikiliza mahubiri.

"Kwa hivyo," akasema, "kwa huo mchezo mjinga ni baba ya msichana?"

"Ndiyo, kama hakuweka alama."

"Na akiweka?"

"Watoto wanakuwa wa kwao, na ardhi inabaki."

"Si basi weka alama, mtoto! Kelele yote hii ya nini?"

Baba akacheka hadi ungo ukamwagika. Kisha akaniangalia. "Hati itaandikwa jina lako peke yako. Ukitaka kupanda mahindi na bwana yako, ama na malaika, ni wewe. Lakini uongee na yeye kwanza. Sitaki shamba langu livunje nyumba."

Ndiyo maana situlii. Kwao jambo limeisha. Kwangu ndipo lilipoanza, kwa sababu nilijiuliza nitakuambiaje. Nikisema hati ni yangu peke yangu, si utaona kwamba hata mimi nakudhania kama wanavyokudhania? Nimelisema hilo neno kwa kioo, kwa sufuria, kwa mashine ya kufuma. Kila mara linatoka likiwa na miiba. Na nikikataa shamba ili usiumie, nitakuwa nimemrudishia Baba zawadi yake usoni.

Leo mchana, baada ya kufumua ile sweta, nimefungua kompyuta ili mikono ipate kazi. Ilikuwa zamu yangu. Nikaona umecheza yako asubuhi ile ya kuondoka, nami sikujua. Kuna posa inaningoja. Umemposa binti wa ukoo wangu, huyu aliyebaki kwenye kile kipande kidogo cha kijani, na kijana uliyemleta si wa pili wala wa tatu. Ni mrithi wako. Nikateremka hadi chini kwenye kisanduku, polepole, kama mtu anayeogopa kufunua sufuria. Umeweka alama. Upande wa mama.

Nikikubali, wajukuu wote watakuwa wangu, na buluu yako yote itakuja kuwa kijani mpaka baharini.

Nililia, Wafula. Mama Shiro alikuja mbio na kitunguu mkononi, akidhani nimepata habari ya msiba. Nikamwonyesha ramani. Akasema, "Sasa hii ndiyo unalilia?" Sikuweza kumweleza. Ulikuwa umekasirika, ulikuwa umeaibishwa mbele ya wakwe, begi liko mlangoni, na bado ulikaa ukanitafutia njia ya kuniambia hutaki changu. Na mimi nimepoteza siku tisa nikiangalia barabara, jibu liko mezani!

Posa sijaikubali. Haitakubaliwa na mtu mmoja. Kesho nakuja Kabuchai na kompyuta kwenye begi, nimeifunga ndani ya sweta. Nitamsalimia Papa, nitasaidia kupika kwa ajili ya wakata miwa, kisha tutakaa mimi na wewe mahali penye kivuli na utanishika mkono tubonyeze pamoja. Halafu nitakuambia habari ya hati ya Baba, jina langu peke yangu, bila kupunguza neno. Ukiniuliza ni kwa nini, sitajibu. Nitakuonyesha alama uliyoiweka mwenyewe.

Nichagulie muwa mmoja mtamu. Na usije kunipokea na ile sauti ya chifu.

Wako, nisiyetulia mpaka nikuone,
Mke wako wa wiki sita