Flashi Niliyokuachia Dukani

Maskati, Alhamisi

Dada Mwanasha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na uvimbe wa mguu wa mama umepungua. Mimi mwili u mzima, alhamdulillahi, na kazi ya ghala ni ile ile. Moyo ndio hautulii, na sababu ni mimi mwenyewe.

Barua nampa Mwanakombo, jirani yetu, anayesafiri kesho. Najua utacheka, siku hizi nani anaandika kwa kalamu? Lakini wasapu yako iko wazi kwenye kompyuta ya duka kutwa, na kompyuta ile ndiyo ninayoiogopa. Jumatano nilipokupigia uliniweka kwenye spika, wateja wakanisalimia mmoja mmoja, nikaishia kuuliza kama mvua imenyesha Ukunda.

Unakumbuka likizo iliyopita, ile mashine yako kuukuu ilivyokuwa ikichukua nusu saa kuwaka? Nikakuletea flashi yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta, uliopunguzwa uwe mwepesi, nikakwambia chomeka tu, kila kitu kimo humo. Ikawaka mara moja. Ulinisifu mbele ya mama, nami nikajiona fundi. Ukweli ni kwamba mfumo ule niliupakua bure mtandaoni, kwa mtu nisiyemjua hata jina.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mwenzangu wa chumbani, anayetengeneza kompyuta ofisini kwao, flashi ya pili kama hiyo. Akaichunguza, akaichomoa haraka. Akanieleza kwamba aliyeupunguza mfumo ameutoa ulinzi wote ili uwe mwepesi, haupokei tena marekebisho ya usalama, na ndani ameficha kitu kinachonakili kila herufi unayobonyeza. Tangu hapo sili vizuri. Barua pepe yangu, niliyoifungua hapo dukani kwako, imeshaingiwa na mtu kutoka mji nisioujua.

Linalonitia hofu zaidi ni lile faili uliloliita AMANA. Wazee wanaokuja dukani uwafungulie akaunti zao za mtandaoni husahau maneno yao ya siri, nawe kwa huruma ukawawekea yote humo, jina kwa jina. Ni wema wa kwetu, dada, nami nililiona nikanyamaza. Ningekuwa fundi kweli ningekukataza.

Basi, tafadhali, ukimaliza kusoma zima mashine, chomoa flashi, usiirudishe tena. Usibadilishe maneno ya siri kwenye kompyuta hiyo, maana hayo mapya nayo yatanakiliwa. Tumia simu ya shemeji, haijawahi kuunganishwa nayo. Wenye maneno hayo unawakumbuka kichwani, waite mmoja mmoja wayabadilishe. Najua watauliza, na duka lako limesimama kwa kuaminiwa tu. Usinifiche. Sema ni Bakari aliyeileta.

Nisalimie mama, lakini usimsomee pale niliposema sili. Shemeji mwambie aniwie radhi kwa simu yake. Watoto wabusu, na shangazi mwambie nimevaa ile kanzu aliyonishonea. Mzee Salim wa Munje, yule mwashi aliyestaafu, usimwite dukani. Mwendee nyumbani kwake. Uliniambia alikunong'oneza neno lake la siri, nalo ni jina la marehemu mkewe. Sijui utamwambiaje achague jingine.

Mimi mdogo wako, mwenye haya,

Bakari