Wifi Ameacha Kitabu cha Tano

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi yale yale ya siku zote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye kambi ya kazi, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mitambo kimekuachia upate usingizi. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea vizuri, goti limepungua uvimbe, na mdomo wake, kama unavyojua, haujawahi kuugua. Mimi mwenyewe mwili haujambo. Moyo ndio ulionikalisha chini nikashika kalamu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Umenipigia wiki nzima, nami sijapokea, si kwa dharau. Nakijua kinywa chako, kaka. Tukianza kuzungumza, kabla chai haijapoa nitakuwa nimekubali kila unachosema na kukuomba radhi juu yake. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Swali lako ni moja, mkeo yuko wapi, na nitalijibu humu humu. Ila usiruke kurasa kutafuta jibu. Soma mpaka mwisho, japo najua hiyo si kazi yako. Si bure Mama alikupachika jina la Bwana Nusunusu, maana hakuna mfululizo wa vitabu uliowahi kuufikisha mwisho. Ulikuwa ukinianzishia hadithi, ukaniacha njiani, niimalize peke yangu.

Ndiyo maana siku uliyomleta wifi nyumbani nilikutania kwamba umejipatia mtu wa kukumalizia vitabu. Na kweli alikuwa hivyo. Nimefanya naye kazi meza moja tangu mlipooana, sijamwona akiacha kitabu katikati, hata kiwe kibovu namna gani. Aliwahi kujikokota na mfululizo mmoja wa upelelezi ambao mwandishi wake, kufikia kitabu cha tatu, alimsahau mpelelezi na kuanza kusimulia mambo ya farasi. Nikamwambia, wifi, tupa hiyo takataka. Akanijibu kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Aliwaoga farasi wote.

Hujawahi kukaa sana kwenye chumba chetu cha kutengeneza vitabu, kwa hiyo acha nikueleze. Kiko nyuma ya maktaba, kina meza moja ndefu, vibanio, makopo ya gundi, na mlango wa stoo ya magazeti ya zamani. Sisi tunaoketi humo tunawajua wasomaji kuliko wanavyojijua. Kitabu cha kwanza cha mfululizo hutufikia bila jalada, kurasa zimelainika kwa vidole vya watu. Cha pili mgongo umelegea. Cha tatu kina kona mbili tatu zilizokunjwa. Kuanzia cha nne, ni vipya kabisa, bado vinanukia duka. Watu wameshateremka njiani, kila mmoja na shughuli zake. Wifi alikuwa akivionea huruma vile vya mwisho. Alisema mtu kaandika kurasa zote hizo akidhani bado tuko naye, kumbe nyuma hakuna mtu. Basi alikuwa akivibeba nyumbani kimoja kimoja, na wewe, kama nakumbuka, ulikuwa ukinung'unika kwamba taa haizimwi.

Mwezi uliopita alianza mfululizo wa vitabu saba, habari za mwanamke mwenye mashine ya kusaga nafaka na mumewe mjenzi wa madaraja. Mume yule ni mtu mzuri, mcheshi, watu wanampenda, na akikasirika huvunja. Kwanza anavunja viti. Halafu vioo. Kisha anatubu, wanapatana, kitabu kinakwisha, na kinachofuata kinaanza na mvua inanyesha na wote wawili wanacheka. Wifi alikuwa akinisimulia tukiwa tunashona, nami nilikuwa nikiinamia sindano yangu.

Jumatatu ya wiki juzi, ulipokuwa bado nyumbani likizo, wifi alikuja kazini na kidole kimefungwa kitambaa. Aliniambia ni mlango. Mlango wenu, kaka, umefanya mengi. Mwaka juzi ulimvunja mkono, mwaka jana ukamvimbisha jicho, na sasa kidole. Ni mlango gani huo wenye chuki na mtu mmoja tu nyumba nzima, wewe unapita humo kila siku wala haukugusi? Lakini sikusema hivyo. Nilisema pole, nikampa kazi ya kupaka gundi ili asishike sindano. Niliuamini mlango miaka yote hiyo kwa kuwa kuuamini kulinifaa: nilibaki na kaka, nikabaki na wifi.

Jumatano yake, tukisubiri gundi ikauke, alikuwa akisoma kitabu cha tano. Nikamwona amesita, anarudi nyuma, anasoma tena. Akaniita kwa wasiwasi, akaniuliza kama hatujachanganya karatasi. Kitabu cha pili na cha tano vilikuwa vimepita mezani kwetu pamoja, kile kwa uchakavu na hiki kwa kunyeshewa pale paa linapovuja, tukavifumua na kuvishona upya vyote viwili. Aliogopa kwamba fungu la karatasi za kitabu cha pili limeshonewa ndani ya cha tano, kwa sababu maneno aliyokuwa akisoma alikwisha kuyasoma. Nami nikaogopa, maana mkuu wa maktaba hana mchezo na makosa kama hayo.

Tukavilaza vitabu viwili sambamba. Namba za kurasa zilikwenda sawa. Karatasi zenyewe hazikufanana, moja nyeupe na nyingine ya rangi ya maziwa. Uzi ulikuwa pale pale nilipoufunga. Hatukuwa tumekosea chochote. Ni mume yule mjenzi wa madaraja, amepiga magoti mbele ya mkewe na kumwambia kwamba hatarudia, ilikuwa hasira tu, na kwamba yeye ndiye pumzi yake. Katika kitabu cha pili alisema hivyo, na katika cha tano akasema hivyo hivyo, neno kwa neno, hata mkato haukuhama. Wifi aliipitishia mistari yote miwili kidole chake kizima, pole pole, kama mtu anayehakiki.

Nilicheka. Nikasema mwandishi huyu amechoka jamani, sasa anajiibia mwenyewe. Wifi hakucheka. Alisema hajachoka hata kidogo, ameona yanafaa, kwa nini ahangaike kutafuta mengine. Halafu akakifunga kitabu cha tano bila kukunja kona, akakirudisha rafuni penye wenzake. Nikamuuliza kama hataki kujua mwisho. Akasema vimebaki viwili, na akitaka anaweza kunisimulia vyote viwili hapo hapo bila kuvifungua.

Kaka, wewe hulijui jambo lile lilivyo zito kwa kuwa kwako kuacha kitabu ni jambo la kila siku. Mwanamke aliyewavumilia farasi! Na yale maneno, wifi hakuniambia alipokwisha kuyasikia, wala sikuhitaji kuambiwa. Uliniambia mimi mwenyewe kwa simu mwaka juzi, wakati wa mkono, ukaniomba nimfikishie. Nami nilimfikishia, tena nikayapamba.

Jioni ile hakurudi kwako. Nilimpeleka kwa Mama. Nakiri kwamba nilimpeleka nikitarajia Mama atamtuliza, ampe yale mawaidha ya uvumilivu tuliyolelewa nayo, kisha asubuhi arudi kwake na sote tupumue. Mama alikifungua kile kitambaa, akakitazama kidole, akachemsha maji akakikanda, kimya. Mama kimya, hebu fikiri. Nilipoanza mimi kuyaleta yale ya maji ukiyavulia nguo, akanikata. Akasema yeye aliyavulia nguo, akayaoga mpaka mwisho, mpaka siku Baba anafukiwa, na hakutakata.

Basi nikakumbuka kitu ambacho sijawahi kukizungumza nawe. Nilikumbuka ni lini ulikuwa ukinisomea. Sauti zikianza chumba cha pili, ulikuwa ukinivuta kitandani kwako, unashika kitabu chochote kilicho karibu, unasoma kwa nguvu, unapaza sauti kila kule kunapopaza. Kule kukinyamaza, nawe unafunga kitabu. Ndiyo maana hatukumaliza hata kimoja. Nimekutania kwa jambo hilo maisha yangu yote, na kumbe ulikuwa unanikinga. Nililia sana, kaka. Nililia kwa ajili yako kwanza, na sijui kama wifi ameshanisamehe kwa hilo.

Sasa nifike penyewe. Alhamisi ulikuja kazini kwetu. Wifi alikuwa amefika asubuhi kuomba ruhusa kwa mkuu wa maktaba, akapita chumbani kuchukua miwani yake. Mlinzi aliponiita dirishani kuniambia kaka yangu yupo, hapakuwa na njia nyingine ya kutokea ila ile ile unayoingilia wewe. Ulipoingia ulinikuta peke yangu, brashi mkononi. Uliniuliza kama nimemwona. Nikasema sijamwona tangu jana. Ukaniapisha kwa uhai wa Mama. Nikaapa.

Alikuwa ndani ya stoo ya magazeti. Mlango ule hauna kufuli wala komeo, kaka. Wewe uliuegemea. Uliuegemea kwa mgongo wako wote, ukateleza ukakaa chini, ukafunika uso ukalia jinsi ambavyo sijawahi kukuona ukilia, hata siku ya Baba. Kati yako na yeye palikuwa na ubao usiozidi unene wa jalada. Gundi ilikauka kwenye brashi mikononi mwangu. Nami, Mungu anisamehe, sikuwa nikimwogopea yeye. Nilikuwa nikikuhurumia wewe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilitaka kukuambia, inuka kaka, usilie, huyu hapa. Nilishavuta pumzi ya kulisema.

Ndipo ukasema hutarudia. Ukasema ilikuwa hasira tu. Ukasema nikimwona nimwambie yeye ndiye pumzi yako.

Nikalimeza neno langu. Nikakushika bega, nikakusindikiza mpaka getini, nikakupungia mkono. Niliporudi nikafungua stoo, nikamkuta ameketi juu ya mafurushi ya magazeti, viatu ameshika mkononi ili visilie akijongea. Alikuwa amesikia yote. Mimi ndiye niliyeanza kusema, nikamwambia aondoke mji huu siku hiyo hiyo, aende kwa mtu nisiyemjua, na asiniambie ni wapi. Asimwambie Mama wala mtu yeyote anayenijua. Akaniuliza kwa nini, na mimi ndiye niliyemficha. Nikamwambia ni kwa sababu nakupenda.

Kwa hiyo jibu la swali lako, kaka, ni kwamba sijui. Safari hii sidanganyi. Nimejinyima kujua kwa makusudi, kwa kuwa ningekuwa najua, ungelia mara moja tu nami ningesema. Najua utaona nimekusaliti, na nimeapa uongo kwa uhai wa mama yetu, hilo nitalijibu kwa Mungu. Lakini usimtume mjomba, usimpigie mkuu wa maktaba, wala usirudi pale kazini; mlinzi ameshaambiwa. Kama unataka kubadilika, badilika bila mtu wa kukuangalia na kukupongeza. Huko kambini mna daktari na mna watu wazima wenye busara. Mwambie mmoja wao ukweli, na usimtaje mlango.

Mama anakusalimu sana. Anasema njoo umwone, kitanda chako hakijahamishwa, atakusikiliza hata ukizungumza mpaka asubuhi, isipokuwa ukianza kumuuliza habari za mkeo atanyanyuka aende jikoni. Majirani nao wanakuulizia, nami nawaambia uko kazini na kazi ni nyingi. Jikinge na vumbi, na ule vizuri.

Hata usiponijibu, mimi nitaendelea kukuandikia. Niombe chochote kingine nami nitakifanya. Ila usiniombe nimtafute, kaka, kwa maana nikimtafuta nitampata.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa Mama