Aliyecheka Msibani Matombo

Morogoro,
5 Machi 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Leo ni Jumamosi, tarehe tano Machi, na kabla sijaandika neno jingine naahidi kukueleza yote bila kupunguza, kama ulivyoniagiza ulipohamia Turiani. Sisi hatujambo. Mguu wa mama mdogo Mwajuma umepona. Mvua zimeanza, na milima hatujaiona tangu juzi. Kifua chako kinaendeleaje?

Mama mdogo amepata kazi ya kupika kwa mzee wa Kiitaliano anayekaa nyumba ya mwisho, barabara ya kupandia mlimani. Anaitwa Mzee Otorino. Zamani alikuja kijana kupima barabara ya Matombo, ndiyo maana Kiswahili anakijua, ingawa anakisema polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani. Kisha akarudi kwao akawa mwandishi. Mjomba, ameandika vitabu ishirini na sita, vyote vya upelelezi. Nimeviona vimepangwa, jina lake liko kwenye mgongo wa kila kimoja. Sikuwahi kufikiri kwamba kitabu kinatoka kwa mtu anayevaa kandambili na kulalamika kuwa ugali umelowa.

Macho yake yamechoka, kwa hiyo kila Jumamosi namsomea magazeti. Siku hizi magazeti ni mengi na kila moja linamkanusha mwenzake. Mwalimu wetu shuleni anasema ni vurugu, lakini mzee anafurahi. "Zamani mlikuwa na shahidi mmoja," aliniambia. "Sasa mnao wengi. Sasa upelelezi unawezekana."

Mezani ameweka mawe aliyookotewa mtoni. Kila jiwe ni mtu wa hadithi yake. Mtu akifa, jiwe linaondoka, nalo pengo linabaki hapohapo mpaka mwisho wa kitabu, haliruhusiwi kuzibwa. Mama mdogo alipanguza meza akayasogeza, mzee akashika kichwa: "Mwajuma, umemfufua daktari."

Nataka na mimi siku moja niwe na meza kama ile.

Mpwa wako,
Semeni


Turiani,
27 Machi 1994

Mpwa wangu Semeni,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika, nami ni mzima, kifua kinanikumbuka asubuhi tu. Huku tunangoja msimu wa kukata miwa.

Huyo mzee wako amenishangaza. Mtu mzima anakaa kitako anatunga vifo vya watu, na wanawe wakala wakashiba? Lakini kama anakufundisha kutazama, mtazame na yeye. Muulize Matombo alikaa kwa nani, maana kijana wa kupima barabara namkumbuka mmoja. Na hicho anachoandika sasa kinahusu nini? Uliahidi yote.

Mjomba wako,
Maneno


Morogoro,
14 Mei 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, nasi tunaendelea vizuri, isipokuwa mama mdogo ana mafua.

Nilimuuliza. Alikaa kwa Mzee Dadi, aliyefariki mwaka uleule wa kupima barabara. Na kitabu anachoandika, ambacho anasema ndicho cha mwisho, kinatokea hukohuko Matombo. Anaandika kwa Kiitaliano, halafu Jumamosi ananisimulia kwa Kiswahili. Anasema hadithi isiyosimulika kwa mdomo haijaiva.

Katika vitabu vyote mpelelezi wake ni mmoja, Inspekta Peskarolo, ambaye hajawahi kukosea. Safari hii Inspekta amekuja kumzika rafiki yake, mzee mmoja wa Matombo. Watu wote wanalia, ila kijana mmoja. Kijana huyo amevaa koti la marehemu. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anacheka. Kaburi likiwa tayari anashuka na kukaa ndani, anasema, "Hapa pananifaa mimi, huyo mkatafutieni pengine." Inspekta anajiuliza: nani angekijua vizuri hivyo kikohozi cha mwisho, kama si aliyekaa karibu akikisikiliza huku sumu aliyompa ikifanya kazi?

Mjomba, alivyosimulia, nilimwona muuaji. Nilimchukia. Nilishuka mlima nimejikunyata. Nilipofika nyumbani, mikono imo kwenye maji ya vyombo, ndipo nikazinduka. Huyu si mtani tu, aliyekuja kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke?

Hebu fikiri nguvu ya mzee huyu. Mimi, Mluguru, amenisahaulisha utani.

Lakini mzee anasema yeye mwenyewe alimwona kweli kijana huyo, kwenye msiba wa Mzee Dadi, na miaka yote hii anaamini alimwona muuaji. Nimwambie? Sura moja tu imebaki.

Mpwa wako,
Semeni


Turiani,
12 Juni 1994

Semeni mwanangu,

Mimi mzima. Kaa chini kwanza.

Muuaji huyo ni mimi.

Ukoo wa Mzee Dadi na ukoo wetu ni watani, na mimi ndiye niliyepewa kazi siku ile. Kikohozi chake nilikijua kwa sababu nilimwigiza tangu utotoni, na yeye ananifukuza kwa fimbo huku anacheka. Alipoumwa aliniambia, "Maneno, ukija kulia kwangu nitakuona mjinga." Basi nikacheka mchana kutwa. Nilipofika nyumbani chakula kilinishinda siku mbili.

Na huyo Mzungu namkumbuka. Kijana mwekundu kama nyanya, kofia mkononi, analia peke yake pembeni. Nilitaka kwenda kumkoholea na yeye apate nafuu. Nikaogopa atazimia.

Mwambie. Sitaki kubaki muuaji huko Italia, hata kama sina ndugu wa kuniulizia. Nilimpenda mzee yule.

Mjomba wako,
Maneno


Morogoro,
24 Septemba 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya mno. Barua yako ilipofika, Mzee Otorino alikuwa amelazwa. Ni moyo. Aliporudi nyumbani, mama mdogo alinikataza: "Ukimshtua akafa, utamjibu nini binti yake?" Binti yake yuko Italia, anamtaka arudi. Mzee amekataa. Anasema atazikwa hapa.

Basi nikawa nasoma magazeti na barua yako imo mfukoni mwangu. Leo kitabu kilikuwa kimekwisha, kimefungwa kwa kamba, akanipa niende kukiposti. Nilikibeba mpaka mlangoni. Nikakumbuka jinsi ulivyoshindwa kula. Nikarudi.

Nikamwambia, "Babu, Inspekta amekosea."

Alisema, "Hajawahi."

Nikatoa barua yako nikamsomea yote. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipofika pale pa kijana mwekundu kama nyanya, mabega yakaanza kutikisika. Mama mdogo akaja mbio kutoka jikoni na mwiko. Lakini mzee alikuwa anacheka, Mjomba, anacheka na machozi yanatiririka. Akasema, "Nilimwona akicheka, sikumfuata nyumbani kumwona akishindwa kula. Nimekuwa mpelelezi wa mchana tu."

Nikamuuliza kwa nini hakuuliza mtu. Akasema aliona haya kuuliza swali msibani.

Kisha akanipa kisu nikakata kamba. Sura ya mwisho anaiandika upya, imeshaanza. Inspekta ananyoosha kidole kwa muuaji, na Matombo nzima inaangua kicheko, bibi vizee wanashikana wasianguke. Nikauliza, "Sasa nani alimuua?"

Akachukua lile jiwe la kijana, akalipangusa kwa shati, akalirudisha mezani. "Hakuna. Mzee alikohoa, akafa. Vitabu ishirini na sita, Semeni, na hiki ni cha kwanza ambamo mtu amekufa tu."

Sijui kama nitawahi kumwona tena mtu wa umri ule akifurahi hivyo kwa kukosea.

Jioni ilipoingia akaniuliza mtu asiye na ukoo hapa nani atakaa kaburini kwake. Akauliza kama Waitaliano na Waluguru ni watani. Nikamwambia sijui, ila watani wengi huwa waligombana zamani wakapatana. Akafikiri sana, akasema, "Mwambie mjomba wako nimemwita muuaji kitabu kizima. Ugomvi huo hautoshi?"

Daktari hakutuambia kitu kizuri. Barua hii naituma kwa mkono wa Salum, kondakta wa basi la Turiani, naye atangoja jibu lako kabla hajageuza.

Kikohozi cha Mzee Otorino ni kifupi, mara mbili, halafu anaomba radhi kwa Kiitaliano. Mjomba, utakuja ujifunze kukiigiza angali hai?

Mpwa wako,
Semeni