Mpaka Wajue, Nafula

Nafula, mama,

Ni mimi babako, yule mzee wa kelele. Tangu tukuzike hapa Kabuchai nyumba imepoa, bana. Hakuna mtu wa kunitukana vizuri. Ukija kutoka Kitale ulikuwa unabeba maji yako ya kuchemsha kwa chupa, mimi nakunywa ya kisima nikikucheka, nawe unasema, "Baba, tumbo lako ni la fisi." Wewe ndiwe ulikuwa msafi, na ni wewe macho yaligeuka manjano. Hilo sijamsamehe Mungu, na nimemwambia.

Juzi watafiti walikuja zahanati. Ati wanachanja watoto dhidi ya huo ugonjwa wa ini uliokuchukua, halafu kila mwaka wanawatoa damu kidogo. Daktari wao mmoja, msichana tu, akanieleza kwamba sisi wa kisima tuliupata tukiwa wadogo, ukapita kama mafua, tukabaki na kinga. Wewe ulilelewa na shangazi yako kule Matisi, Kitale, na maji safi tangu uchanga. Ukakupata ukiwa mtu mzima, na mtu mzima unamwangusha vibaya. Siku hizi watoto wengi wanakua kama wewe.

Nikamuuliza, hiyo chanjo inakaa mwilini miaka mingapi? Akasema, "Kwa watoto wa huku hatujui, mzee. Ndiyo maana tunaomba damu." Nikampenda hapo hapo. Ulipougua kila mtu alikuwa anajua, mpaka muuza dawa za miti.

Majirani wanasema nauza damu ya mjukuu. Nimewaambia damu ya ukoo wetu hata mbu huitema. Lakini fomu ya kumwandikisha niliisoma mara mbili kabla ya kuweka sahihi. Si ni Nasimiyu pekee uliniachia? Alinyoosha mkono mwenyewe, akalia kidogo, akaomba mandazi.

Halafu daktari akauliza nani atakuwa anamleta nikishaenda, maana wanataka kumfuata mpaka awe msichana mkubwa. Nikasema aandike jina la dada yako, lakini kwa penseli.

Basi lala, mama yangu. Usinitandikie kitanda huko bado. Huyu mtoto nitampeleka kila mwaka, hata ikibidi nisukumwe kwa wilbaro, mpaka wajue.

Babako